Maji Yaliyomo Ndani ya Ubao

Mkazi wa Umoja au Kayole, Nairobi, anayeshuka soko la Gikomba asubuhi kutafuta mbao za kabati, aghalabu huuliza kwanza bei ya futi, kisha hufumba jicho moja apime kama ubao umenyooka, lakini ni nadra kumsikia akiuliza swali lililo asili ya mengine yote, nalo ni hili: mti huu ulipasuliwa lini, na tangu siku hiyo ulilazwa wapi? Kwa muda wote niliotumikia useremala, nimeona hasara nyingi ambazo lawama zake hutupiwa fundi au mashine, ilhali mkosaji ni maji.

Mti wa saiprasi uliokatwa karibuni huweza kuwa na maji ambayo uzito wake unalingana na uzito wa mti wenyewe ukiwa mkavu. Sehemu kubwa ya maji hayo hutoka pasipo kuugeuza ubao umbo. Bali yakishuka chini ya kadiri ya asilimia 30, ndipo ubao unapoanza kusinyaa, si kwa urefu bali kwa upana, na kusinyaa kwa kufuata zile duara za umri wa mti ni karibu mara mbili ya kule kwa kuelekea kiini, ndiyo sababu ubao uliopasuliwa kando ya gogo hujikunja kama sinia. Ndani ya nyumba za Nairobi ubao hutulia penye asilimia 12 hivi, na mlango uliotengenezwa kabla ya hapo utasinyaa ukiwa tayari umekwisha kupachikwa.

Haja ya hadhari ilizidi tangu Februari 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu yake kwa siku 90, kisha muda huo ukaongezwa mara kwa mara kwa miaka kadhaa. Mbao za kwetu zikawa adimu, na soko likaegemea zile za Tanzania pamoja na mikaratusi na migrevilea ya mashamba ya watu. Na penye uhaba, nani ana subira ya kukausha?

Mwaka mmoja niliapiwa kuwa ubao fulani ni mkavu, na kwa kuushika ulikuwa mkavu kweli, kwa kuwa jua lilikuwa limeupiga uso. Nilikata kipande kwa umbali wa futi moja kutoka nchani, kwa sababu ncha hukauka mapema na hudanganya, nikakipima kwa mizani: gramu 161. Nikakiweka katika joko la jirani yangu anayeoka keki, moto ukiwa kidogo juu ya nyuzi 100, nikawa nakipima mpaka uzito ukakoma kupungua kwenye gramu 115. Zilizopotea ni 46. Zigawe kwa 115, uzidishe kwa 100, nawe utapata asilimia 40.

Ubao wa namna hiyo si wa kupelekwa kwenye msumeno wa duara, kwani huweza kufumbata meno ukarushwa kumwelekea mshika kazi. Kwa hiyo usikubali mashine iliyoondolewa kile kisu cha nyuma ya msumeno kinachoutenga mpasuo.

Mbao mbichi zipange kivulini, juu ya matofali, kila safu ikitengwa kwa vijiti vya inchi moja vilivyofuatana wima kimoja juu ya kingine kila baada ya futi mbili, na ncha uzipake rangi zisipasuke. Chagua ubao mmoja mfupi, uupime kila Jumamosi na kuuandikia uzito kwa penseli. Siku uzito wa wiki tatu mfululizo utakapokuwa ule ule, chukua randa.