Bandeji Isifutwe Pichani

Jioni ya tarehe 20 Oktoba 1968, katika uwanja wa Olimpiki mjini Mexico City, mbio za marathoni zilikuwa zimekwisha machoni pa watu wengi. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amefika zaidi ya saa moja nyuma, na watazamaji wengi walikuwa wamekwenda zao. Ndipo alipoingia Mtanzania mmoja akichechemea, mguu wake umefungwa bandeji. Alikuwa John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyeanguka na kuumia njiani. Walioanza mbio hizo walikuwa 75, waliomaliza walikuwa 57, naye alikuwa wa 57.

Hakupata nishani siku ile. Lakini wapiga picha wachache walikuwa hawajafunga mizigo yao, na kwa sababu hiyo tu ulimwengu unamjua hadi leo. Tujiulize, ingekuwaje kama nao wangesema kwamba kazi imekwisha? Na ingekuwaje kama picha ile ingeangukia mikononi mwa fundi apendaye unadhifu, akaifuta bandeji ili mwanariadha wetu apendeze? Tungebaki na picha ya mtu anayekimbia peke yake, isiyotuambia neno.

Tumeanza na habari hii kwa sababu pande zile za Mbulu na Hanang zimelizalia taifa hili wanariadha wengi kupita kiasi cha wakazi wake. Gidamis Shahanga, mzaliwa wa Katesh, alitwaa dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton mwaka 1978, na dhahabu ya mita 10,000 mjini Brisbane mwaka 1982. Filbert Bayi wa Karatu aliwaongoza wenzake tangu mwanzo hadi utepe mjini Christchurch mwaka 1974, akaweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Huko Basotu, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo, wapo vijana wanaokimbia alfajiri kati ya mashamba ya ngano, na wapo rafiki zao wenye simu wanaowapiga picha. Picha hizo ndizo tunazotaka kuzisemea.

Picha ya mwanariadha si pambo. Mwezi Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida, mkoa unaopakana na Hanang, alimaliza marathoni ya mashindano ya dunia sambamba na Amanal Petros wa Ujerumani. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Jicho la mwanadamu halikuweza kuamua. Iliamua kamera inayoutazama mstari wa mwisho peke yake, na ambayo kwayo huhesabiwa kiwiliwili kilichotangulia, wala si kichwa wala mguu. Tofauti ilikuwa sekunde 0.03, na Tanzania ikapata bingwa wake wa kwanza wa dunia katika mashindano hayo. Dhahabu ile ilisimama juu ya picha ambayo hapana mtu aliyethubutu kuitia mkono.

Sisi wa visiwani si wageni wa sanaa hii. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na majumbani mwetu zimo picha za maharusi na za marafiki waliosimama bega kwa bega mbele ya pazia. Mafundi wa zama zile nao walirekebisha. Kwa penseli iliyochongwa vyema waligusa filamu, wakaondoa doa la vumbi au kulainisha kivuli chini ya jicho. Hata hivyo, mama aliitazama picha akamtambua mwanawe. Huo ndio mpaka wa kazi ya fundi.

Leo mpaka huo unavukwa kwa kubonyeza kidole. Simu humng'arisha kijana mweusi hadi rangi yake ipotee, humfuta jasho na kovu, hata humpunguza pua. Hila hii ina ukoo wa zamani. Filamu za rangi za miaka ya 1950 na 1960 zilipimwa kwa kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, na nyuso zetu zikatoka kama makaa yenye macho na meno. Dawa ya kasoro ile si kumchubua mtu pichani. Dawa ni mwanga. Kijana wa Basotu akisimamishwa na mbingu nyeupe nyuma yake, kamera huipima mbingu na kuusahau uso. Mpiga picha na amgeuze auelekee mwanga wa asubuhi, au amweke kivulini penye weupe kiasi, asogee karibu, kisha aguse uso wake kwenye kioo cha simu ili mwanga upimwe hapo. Akifanya hivyo, kazi ya kurekebisha itakuwa ndogo.

Kwa wakuu wa michezo, elimu na nyaraka, Bara na Visiwani, tuna rai tatu. Kwanza, kila picha ya mwanariadha ihifadhiwe kama ilivyopigwa, na marekebisho yafanywe juu ya nakala. Pili, kila picha iandikwe jina la mtu, mahali na tarehe, kwani picha isiyo na jina ni kaburi lisilo na alama. Tatu, mwenye sura aulizwe kwanza na apewe nakala yake. Wabarabaig wa Hanang walipoteza malisho mengi kwa mashamba ya ngano ya Serikali tangu miaka ya 1970. Si haki sura zao nazo zichukuliwe bila ya ridhaa, zikauzwe kama kadi za watalii.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji daftari, kalamu, na mwalimu wa skuli mwenye subira. Yumkini kijana atakayelipa taifa sifa kesho anapigwa picha leo na rafiki yake, miguu ikiwa imejaa vumbi la Basotu. Vumbi hilo na libaki pichani, kwani ni sehemu ya safari yake, kama bandeji ilivyokuwa sehemu ya safari ya Akhwari.