Mwanamichezo Aliyepata Mtoto: Haki za Mke na Mazoezi ya Kurusha Kisahani

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), Ahli zake na Sahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, tumeletewa suala na kijana wa Tanga anayerusha kisahani. Ameoa Wete, Pemba. Mkewe alipokaribia kujifungua alirudi kwa wazazi wake, kama ilivyo ada yetu kwa mimba ya kwanza. Mtoto amezaliwa salama, alhamdulillah. Siku ya saba akika ikachinjwa, lakini baba hakuwepo. Alikuwa kwenye mashindano, na boti za kutoka Tanga kwenda Pemba si za kila siku. Sasa mke amesema harudi Tanga mpaka mume aache michezo. Kijana anauliza: je, kisharia ni lazima niache?

Suala hili si la kisahani peke yake. Katika nyumba nyingine ni mpira, katika nyingine ni dago la uvuvi au biashara ya safari. Kwa hivyo tulieleze taratibu.

Mchezo wenyewe

Kisahani cha wanaume kina uzito wa kilo 2, cha wanawake kilo 1. Mrushaji husimama ndani ya duara lenye upana wa mita 2.5, akazunguka mara moja na nusu, kisha akakiachia. Anayetazama hudhani ni kazi ya mkono, kumbe nguvu inatoka miguuni na kiunoni, na mkono unakuja mwisho. Ndiyo maana mazoezi yake ni mengi: kurusha, kunyanyua vyuma, kuruka, na kupumzika.

Na tofauti baina ya washindi ni ndogo. Katika Olimpiki ya London mwaka 2012, Ehsan Haddadi wa Iran alirusha mita 68.18 akapata medali ya fedha. Aliyempita, Robert Harting wa Ujerumani, alirusha mita 68.27. Ni sentimita 9 tu. Kwa hivyo simlaumu kijana wetu akiogopa kupoteza hata wiki moja.

Hukumu yake

Asili ya mchezo unaoujenga mwili ni halali, maadamu hauna kamari, stara inahifadhiwa na Sala haipitwi na wakati. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa Muumini mwenye nguvu anapendeza zaidi kwa Allah kuliko aliye dhaifu, ingawa wote wawili wana kheri. Akinuia kuulinda mwili wake na kutafuta riziki ya halali, mazoezi yake yana ujira, inshaAllah.

Lakini halali haisukumi wajibu. Chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha ni juu ya baba, kama ilivyo katika Suratul Baqarah aya ya 233. Kuishi na mke kwa wema ni amri, iliyomo katika Suratun Nisaa aya ya 19. Kumtumia mke pesa kwa simu kunatimiza sehemu moja tu ya wajibu huo.

Tuzingatie kisa cha Salman na Abu Dardaa (Radhi za Allah ziwe juu yao), alichokipokea Imam al-Bukhari. Abu Dardaa alikuwa akifunga mchana na kusimama usiku hadi mkewe akawa hajishughulishi tena na kujipamba. Salman akamzuia, akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki, nafsi yake ina haki na ahli zake wana haki. Habari ilipomfikia Mtume (SAW), alimsadikisha Salman. Ikiwa Sala na Saumu za sunna zilipunguzwa kwa ajili ya haki ya mke, basi kisahani kina hoja gani?

Nini cha kufanya

Jibu letu: si lazima aache, lakini ni lazima apunguze, na apunguze kwa mashauriano. Aya ile ile ya 233 inapozungumzia kumwachisha mtoto ziwa, imeweka sharti la baba na mama kuridhiana na kushauriana. Ikiwa ziwa la mtoto halikatwi bila ya shauri, vipi ratiba ya jioni za baba ipangwe na baba peke yake?

Kwanza, avuke aende Wete. Asimtume mtu. Amwombe radhi mkewe, kisha wakwe zake. Akika imesihi bila ya yeye kuwepo, lakini moyo wa mzazi haukutulia.

Pili, mpaka nifasi iishe, mazoezi yawe mepesi. Sisi tumezoea arubaini, lakini kwa madhehebu ya Imam Shafi nifasi inaweza kufika siku 60, basi asihesabu siku kama mfungwa. Kwa ajili ya mwili wake pia kuna maslaha: aliyekesha na mtoto kisha akazunguka na uzito mkononi, anajitafutia maumivu ya mgongo.

Tatu, mke akirudi Tanga, wakubaliane siku maalumu za mazoezi, tuseme tatu kwa wiki, na saa ya kurudi nyumbani. Siku zilizobaki awepo: achemshe maji ya kumkandia mkewe, akoroge uji wa pilipili manga, ambebe mtoto. Bi Aisha (Radhi za Allah ziwe juu yake) ameeleza kwamba Mtume (SAW) alikuwa akiwahudumia ahli zake nyumbani, na wakati wa Sala ukifika hutoka.

Wala asidhani kipaji kitakufa. Mmarekani Al Oerter alishinda kisahani katika Olimpiki nne mfululizo, 1956 hadi 1968, huku akiwa mwajiriwa na mwenye familia. Baadaye akaacha mashindano kwa miaka kadhaa. Aliporudi, mwaka 1980 akiwa na umri wa miaka 43, alirusha mita 69.46, mbali kuliko mita 64.78 zilizompa dhahabu yake ya mwisho. Jirani yetu Faith Kipyegon wa Kenya alijifungua mwaka 2018, kisha akashinda mita 1,500 katika Olimpiki ya Tokyo na ya Paris. Mwili unaweza kusubiri. Utoto wa mtoto hausubiri.

Nami najua ninachosema. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa nikiwa masomoni, nikajiambia elimu ni ibada. Nilipomuona alikuwa tayari anakaa, na akanililia kama mgeni. Shahada ninayo, lakini miezi ile sikuipata tena.

Kwa dada yetu: lalamiko lako ni la haki. Lakini mumeo akija, akiomba radhi na akitekeleza mliyokubaliana, usimfungie mlango wa jambo ambalo Allah amemhalalishia. Mkishindwa wenyewe, waiteni wazee, mmoja wa upande wa Tanga na mmoja wa Wete, kama Qur'ani ilivyoelekeza.

Tunamuomba Allah amkuze mtoto huyu katika wema na aziunganishe nyoyo za wazazi wake.

Wallahu a'lam.