UNAUZA DISTRIBUTA ZA PIKAPU ZA ZAMANI? JIFUNZE INAVYOFUNGWA, LA SIVYO MZIGO UTARUDI

Leo ni zamu ya wale wa spea, hasa mnaouza spea za pikapu za zamani kwa kupiga picha na kutuma mikoani. Wengine msikimbie, mwishoni kuna lenu pia.

Kuna spea ukiuza imeisha. Umeuza sidemira, mteja ameifunga, kwaheri. Distributa haiko hivyo. Inaweza kuwa nzima kabisa, fundi akaifunga vibaya, gari likagoma, na simu ya kwanza ikapigwa kwako: "Umeniuzia bovu, rudisha hela yangu."

Piga hesabu. Tuseme umenunua 80,000, umeuza 110,000. Faida yako 30,000. Mteja akirudisha, unamrejeshea 110,000, mzigo unapanda basi tena, na ukifika una grisi na umekwaruzwa. Huwezi kuuza tena kwa bei ile ile. Juu ya hapo anaandika kwenye koment kwamba wewe ni tapeli. Mtaji wa 80,000 umelala, jina limechafuka, na kifaa hakikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo sio lazima uwe fundi, ila lazima uelewe inafungwaje. Nitatumia mfano wa Toyota Hilux yenye injini ya 22R, ile ya petroli, silinda nne, cc 2,366, iliyoanza kutoka 1981. Ni injini ngumu na bado zipo zinazopiga kazi.

KWANZA, DISTRIBUTA INAFANYA NINI?

Koili inatengeneza umeme mkali. Distributa inaugawa kwenye plagi moja moja, kwa zamu na kwa wakati wake. Ndani kuna rota inayozunguka, juu kuna kofia yenye matundu ya waya za plagi. Rota ikielekea tundu fulani, plagi ya waya huo inapiga cheche.

Kwenye 22R distributa imekaa mbele ya silinda hedi na inazungushwa na gia iliyoko mbele ya kamshafti. Krenki ikizunguka mara mbili, rota inazunguka mara moja. Shika hapo, maana ndipo kosa kubwa linapotokea.

Zamu ya cheche ni 1-3-4-2, na silinda namba 1 ni ile ya mbele, upande wa feni. Rota inazunguka kufuata mwendo wa saa ukiitazama kwa juu.

KABLA HUJAPOKEA HELA, ULIZA HAYA

1. Injini gani? Usikubali jibu la "ni Hilux ya zamani". Hilux zimefungwa injini nyingi. Mwambie atume picha ya namba ya injini kwenye bloku.
2. Ni ya kabureta au ya sindano? 22R ni kabureta, 22RE ni sindano. Distributa zake hazifanani kazi. Ya 22RE taiming yake inasogezwa na kompyuta ya gari.
3. Ni ya pointi au ya elektroniki? Injini za zamani zaidi zina pointi ndani.
4. Atume picha ya distributa yake ya zamani: soketi ya waya, mipira ya vakyumu (mmoja au miwili), na meno ya gia ya chini.

Picha hizo nne zinakuokoa kuliko maneno mia.

KAGUA YA MTUMBA KABLA YA KUIPOSTI

- Shika shafti, itikise kulia na kushoto. Ikicheza kama jino bovu, bushi zimekwisha. Hiyo hata ikifungwa vizuri taiming itayumba.
- Kwa ya kabureta, zungusha rota kidogo kuelekea inakozungukia, kisha iachie. Inatakiwa irudi yenyewe kwa springi. Ikibaki ilipo, vyuma vya ndani vimeganda.
- Nyonya hewa kwenye kibomba cha vakyumu. Sahani ya ndani inatakiwa isogee, na ukiziba kwa ulimi ibaki imevutwa. Isipobaki, ngozi ya ndani imetoboka.
- Angalia meno ya gia. Yakiwa makali kama kisu, achana nayo.
- Kofia: tafuta nyufa na mistari myeusi kama nywele. Umeme unapita humo badala ya kwenda kwenye plagi. Angalia pia kidole cha kaboni cha katikati kama kipo.
- Mpira wa duara unaozuia oili. Ukiwa mgumu kama plastiki, weka mpya.

Ukimaliza, weka alama ndogo ya rangi sehemu isiyoonekana haraka, kisha piga picha. Siku mteja akirudisha distributa nyingine ya jirani yake, utaijua.

KUTOA ILE YA ZAMANI (HAPA NDIPO MTEJA ANAPOHARIBU)

Fundi mwenye haraka anafungua nati, anang'oa, anatupa pembeni. Akija kufunga mpya hajui aanzie wapi. Mwambie mteja wako afanye hivi:

1. Switchi izimwe, waya wa hasi wa betri utolewe.
2. Apige picha waya zote za plagi zikiwa kwenye kofia. Aandike namba kwa karatasi ya gundi.
3. Atoe kofia. Achore alama kwenye mwili wa distributa pale rota inapoelekea, na alama nyingine inayounganisha mwili na injini.
4. Alegeze nati, avute taratibu huku ANAITAZAMA ROTA. Gia imekatwa mshazari, kwa hiyo rota itazunguka kidogo wakati inatoka. Pale ilipoishia aweke alama ya pili. Hiyo ndiyo sehemu ya kuanzia wakati wa kurudisha.
5. Baada ya hapo mtu yeyote asipige stata wala kusukuma gari likiwa kwenye gia. Krenki ikizunguka, alama zote hazina maana tena.

KUFUNGA MPYA

Kama injini haijaguswa, ni rahisi: rota ianzie kwenye alama ya pili, shusha, itazunguka yenyewe na kusimama kwenye alama ya kwanza.

Kama injini imeshazungushwa, inabidi kutafuta silinda namba 1 upya:

1. Gia iwe huru. Toa plagi ya namba 1, ziba tundu kwa kidole.
2. Zungusha krenki kwa spana kwenye boliti ya puli, kufuata mwendo wa saa. Ukisikia hewa inasukuma kidole, pistoni inapanda ikiwa kwenye mgandamizo.
3. Endelea taratibu mpaka mkato wa puli ukutane na sifuri ya kipimo.

Hatua ya kidole mafundi wengi wanairuka. Wanaangalia alama ya puli tu. Kumbuka nilichosema: krenki inazunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa rota. Maana yake alama ya puli inafika sifuri mara mbili, moja ni sahihi na nyingine ni wakati silinda hiyo imemaliza kutoa moshi. Ukifunga kwenye ile isiyo sahihi, cheche zote zinakuja nusu mzunguko nje. Gari halitawaka, litapiga makofi kwenye kabureta, na wewe utaambiwa umeuza bovu.

4. Weka kofia kwa muda, tazama waya wa namba 1 uko tundu gani, chora alama chini yake kwenye mwili wa distributa. Toa kofia.
5. Paka oili kwenye gia na mpira wa duara. Rudisha rota nyuma kidogo ili ikishuka iishie kwenye alama. Ikipita au ikipungua, toa, sogeza jino moja, rudia. Usigonge kwa nyundo.
6. Injini nyingine, tofauti na 22R, mkia wa distributa unaingia kwenye mkato wa pampu ya oili. Ikigoma kukaa chini kabisa usikaze nati kwa nguvu. Tumia bisibisi ndefu kugeuza mkato wa pampu mpaka ikae.
7. Nati ikazwe kiasi tu, mwili uweze kuzungushwa kwa mkono.
8. Panga waya kuanzia namba 1, kufuata mwendo wa saa: 1, 3, 4, 2.

Kama ni ya pointi, mwanya wa pointi kwenye Toyota nyingi za zamani ni milimita 0.45. Kama ni ya elektroniki, mwanya kati ya nyota ya ndani na kinasa chake ni milimita 0.2 hadi 0.4. Apime kwa kipimo cha majani, asikadirie kwa macho.

KUREKEBISHA TAIMING

Kufunga ni nusu ya kazi. Injini ipate moto wake wa kawaida kwanza, kisha:

- Unganisha taa ya taiming kwenye betri na kwenye waya wa plagi namba 1.
- Kwa ya kabureta, toa mipira ya vakyumu na uizibe, ila soma kwanza stika iliyo chini ya boneti, maana ndiyo inayotoa nyuzi za gari hilo na utaratibu wake. Kwa 22RE, unganisha kwanza matundu ya T na E1 kwenye soketi ya ukaguzi, halafu taiming iwe nyuzi 5 kabla ya pistoni kufika juu.
- Injini ingurume chini bila kukanyaga mafuta. Mulika puli, utaona mkato kama umesimama.
- Zungusha mwili wa distributa taratibu. Kwa kuwa rota inafuata mwendo wa saa, ukizungusha mwili kinyume cha saa cheche inawahi. Ukizungusha kufuata saa, inachelewa.
- Ikifika, kaza nati, kisha mulika tena. Mara nyingi inasogea wakati wa kukaza.

Mikono ya shati ikunjwe, feni haina huruma.

Kurekebisha kwa sikio kunafaa kulifikisha gari gereji tu. Taiming ikiwahi sana injini inaweza kuonekana ina nguvu, mteja anafurahi, halafu wiki chache za kupanda milima na mzigo zinatoboa pistoni. Hapo hamgombanii 110,000 tena, mnagombania injini nzima.

MTEJA AKIPIGA SIMU, SIKILIZA DALILI

Usianze kubishana. Uliza gari linafanya nini:

- Haliwaki, linapiga makofi kwenye kabureta: distributa iko nusu mzunguko nje, au waya zimepishana.
- Stata inasita na kurudi nyuma kama imepigwa teke: taiming imewahi mno.
- Linagonga tiki tiki likipanda mlima: imewahi.
- Zito, linachemsha, linakula mafuta, ekzosi inapiga: imechelewa.
- Mwili umezungushwa mpaka mwisho wa mkato na bado: gia imepishana jino. Itolewe ifungwe upya. Wasichonge mkato kwa tupa!
- Kila kitu sawa lakini taiming inarukaruka: akague cheni ya taiming. Kwenye 22R zile reli za plastiki za cheni huvunjika kwa uzee. Hapo hata distributa mpya ya dukani haitasaidia.
- Linamisi silinda moja: apime waya. Kwa Toyota hizi waya mmoja wa plagi haupaswi kuzidi omu 25,000.

Wengi wanaotaka kurudisha mzigo utawamaliza hapa hapa, kwenye simu ya dakika kumi.

TUMA UJUMBE HUU KILA UKIUZA

Nakili, weka kwenye WhatsApp yako:

"Asante boss kwa kununua. Kabla fundi hajang'oa ya zamani, piga picha waya na sehemu rota inapoelekea. Usipige stata distributa ikiwa nje. Namba 1 itafutwe kwa mgandamizo, sio alama ya puli peke yake. Taiming ipimwe kwa taa. Ikisumbua, nipigie na fundi akiwa hapo kabla hamjaitoa. Nimeikagua kabla ya kutuma, video hii hapa. Kurudisha ni ndani ya siku 7, ikiwa na alama yangu na haijachongwa."

Siku weka unazoweza kuzimudu, ila ziandike KABLA ya kupokea hela. Sharti linalokuja baada ya ugomvi mteja analiona ni ujanja. Na kama kweli ni mbovu, rudisha hela bila kumzungusha mtu. Mteja wa Tunduma aliyerudishiwa hela yake kwa amani atakuletea wengine watatu.

Kwa wale msiouza spea: angalia bidhaa yako ipi ikifungwa au ikitumiwa vibaya inaonekana mbovu. Mashine ya kushonea, pampu ya maji, jiko la gesi, taa za sola. Jifunze matumizi yake mpaka uweze kumsaidia mteja kwa simu.

Unauza spea gani inayokurudia mara nyingi? Andika kwenye koment, tuichambue. Na umtumie hii fundi wako, asije akakuharibia jina.