Mto Mmoja, Kipimo Kimoja

Mto Mara huanzia misitu ya Mau nchini Kenya, hupita kwenye mashamba ya chai na ngano, hukatiza Maasai Mara na Serengeti, kisha huingia Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Tuseme kila nchi inapima atrazini, dawa ya kuua magugu kwenye mahindi. Maabara moja inaweza kuipima kuanzia mikrogramu 0.02 kwa lita. Nyingine haioni kitu chini ya 0.5. Maji yenye mikrogramu 0.3 yataandikwa "imepatikana" huku, na "haikuonekana" kule. Anayesoma ripoti hizo atadhani mto umejisafisha njiani.

Umoja wa Ulaya ulilazimika kulitungia jambo hili sheria. Kwa maji ya chini ya ardhi, kikomo ni mikrogramu 0.1 kwa lita kwa kila kiuatilifu, na 0.5 kwa jumla ya vyote. Mwaka 2009 maabara zilitakiwa ziweze kupima hadi asilimia 30 ya kiwango cha ubora kilichowekwa, au chini zaidi. Pale matokeo yanapokuwa chini ya uwezo wa kipimo, nusu ya uwezo huo ndiyo inayoingizwa kwenye wastani, ili wote wakokotoe kwa njia moja.

Kabla ya maabara kuna uchukuaji wa sampuli. Mtoni, mvua ya kwanza baada ya kunyunyizia dawa ndiyo husomba sehemu kubwa. Anayechota kiangazi tu ataikosa. Kisimani, maji yaliyotuama kwenye bomba husukumwa kwanza hadi joto na upitishaji umeme vitulie, ndipo chupa ya kioo cheusi ijazwe na kuwekwa kwenye barafu. Vilevile hutafutwa mabaki yanayotokana na kuoza kwa dawa. Ujerumani ilipiga marufuku atrazini mwaka 1991, lakini dawa yenyewe na mabaki yake viliendelea kupatikana ardhini miaka mingi baadaye.

Kwa mito tunayochangia na jirani, tuanze na mambo manne: orodha moja ya dawa, msimu mmoja wa kuchota, sampuli ileile kugawanywa kati ya maabara zote mbili, na kila "haikuonekana" kuandikiwa tarakimu ya uwezo wa kipimo. Wanaokunywa maji hayo wana haki ya kujua kama ni safi kweli, au hayajapimwa ipasavyo.