Serikali Moja, Sera Mbili: Pamba ya Marekani Mwaka 1933

Mdororo Mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulipofikia mwaka wake wa nne, karibu robo ya wafanyakazi wa Marekani hawakuwa na kazi, na bei ya pamba ilikuwa imeanguka hata haikulipa jasho la mchumaji. Serikali ya Rais Franklin D. Roosevelt ikapitisha sheria mbili zilizofuatana. Ile ya tarehe 12 Mei 1933 ilimlipa mkulima ili apunguze shamba, kwa kuwa mazao yalizidi mahitaji. Ile ya tarehe 16 Juni iliwaruhusu wenye viwanda kupatana wao kwa wao badala ya kushindana, kwa sharti la kupandisha ujira na kupunguza saa za kazi.

Kila sheria, ikitazamwa peke yake, ina mantiki yake. Mgongano huonekana zinapokutana nyumbani kwa mkulima. Pamba yake ilipanda bei, ni kweli. Lakini fedha alizolipwa zilitokana na kodi waliyotozwa wenye viwanda vya kusokota, nao wakaitia katika bei ya nguo. Viwanda hivyo hivyo vilikuwa vimekwisha kuongezewa gharama na sheria ya pili. Kwa hiyo suruali ya kazi aliyoinunua mkulima ilibeba mizigo miwili, na yote miwili ilitoka kwa serikali iliyoahidi kumpunguzia.

Majira ya joto ya mwaka huo, pamba iliyokwisha kumea katika ekari zipatazo milioni 10 ililimwa na kufukiwa. Wakati huo huo, idara nyingine ya serikali ilianza kujenga bwawa la Grand Coulee, ambalo moja ya makusudi yake lilikuwa kumwagilia maji mashamba mapya!

Walioumia kupita wote ni wale wasio na ardhi, waliolima shamba la tajiri kwa kugawana mavuno. Shamba lilipopunguzwa, kazi yao nayo ilipungua. Malipo yalipitia mikononi mwa mwenye shamba, na mara nyingi yaliishia humo. Wengi walifukuzwa. Julai 1934, huko Arkansas, weusi na weupe waliunda chama kimoja cha kujitetea, jambo adimu sana Kusini wakati ule. Februari 1935, wanasheria wa idara ya kilimo waliotaka wapangaji hao walindwe wakaachishwa kazi. Mahakama Kuu ilibatilisha sheria ya viwanda Mei 1935 na ile ya kilimo Januari 1936, lakini hukumu hizo hazikumrudisha shambani mpangaji aliyekwisha kufukuzwa.