Mshahara wa Mfanyakazi wa Jiji Hukadiriwaje? Mfano wa Nairobi

Wanafunzi wa fasihi wanaufahamu mgogoro wa ujira kupitia riwaya na tamthilia. Katika Kuli (1979), Shafi Adam Shafi anatupeleka bandarini Zanzibar miongoni mwa wapagazi. Katika Kilio cha Haki (1981), Alamin Mazrui anatuonyesha Lanina akiwaongoza wafanyakazi wa shamba la mlowezi. Katika kazi hizi ujira ni uwanja wa mapambano baina ya mwenye nguvu na mnyonge. Kuna upande mwingine ambao watunzi wetu hawajaushughulikia sana, huenda kwa sababu haupendezi jukwaani: upande wa jedwali. Ni nani hukaa mezani akaamua kwamba kazi ya mhandisi wa barabara za jiji ina thamani ya shilingi kadhaa, na ya mfagiaji wa barabara hizo hizo shilingi kadhaa? Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi viwango hivyo vinavyopangwa, kwa kuirejelea Kaunti ya Jiji la Nairobi.

Tuanze na maneno, kwani ndiyo mali yetu. Neno mshahara lina asili ya Kiarabu na limejengwa juu ya neno lenye maana ya mwezi. Ni malipo ya mwezi kwa mwezi. Ujira, lenye asili hiyo hiyo, ni malipo ya kazi bila kujali muda. Kibarua ni barua ndogo: cheti alichopewa mtu wa kazi za kutwa, kisha jina la cheti likamwangukia mwenyewe. Mtu anayelipwa kwa siku alipewa jina la karatasi, na yule wa mwezi akaitwa mfanyakazi. Marupurupu ni ziada juu ya mshahara, nayo tutayarudia, kwani ndiko hesabu nyingi zinakopotelea.

Kisheria, suala hili linatawaliwa na Ibara ya 230 ya Katiba ya 2010, iliyounda Tume ya Mishahara na Marupurupu. Tume ina kazi mbili zinazochanganywa mara kwa mara. Kwa maafisa wa dola, mathalani gavana na wawakilishi wa wadi, Tume yenyewe huweka malipo. Kwa watumishi wengine wote wa umma, wakiwemo makarani, wauguzi na askari wa jiji (wale ambao wakazi huwaita kanjo, kutokana na neno la Kiingereza la baraza la mji), Tume hutoa ushauri kwa serikali za kaunti. Mtu angedhani ushauri ni ushauri tu. Hata hivyo, mnamo Novemba 2015 Mahakama ya Rufaa, ikiamua kesi ya mishahara ya walimu, ilishikilia kwamba ushauri huo hauwezi kupuuzwa. Kwa hiyo Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti huajiri, chama cha wafanyakazi hujadiliana, lakini makubaliano yao sharti yapitie kwa Tume.

Ibara hiyo inaitaka Tume izingatie misingi minne: gharama ya mishahara iweze kuhimiliwa na hazina, utumishi wa umma uweze kuvuta na kudumisha watu wenye ujuzi, tija na utendaji vitambuliwe, na pawepo uwazi na haki. Msomaji makini ataona kwamba wa kwanza na wa pili huvutana kama fahali wawili. Utaalamu wote wa kupanga viwango ni jitihada ya kuwasuluhisha.

Hatua ya kwanza ni kupima kazi, wala si mtu. Kila kazi huandikiwa maelezo: inafanya nini, inahitaji elimu gani, inasimamia nani, kosa likitokea litagharimu nini. Katika zoezi la kuzipima kazi za utumishi wa umma, Tume ilitumia mbinu inayohusishwa na Thomas Paterson, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Strathclyde, ambayo huzipanga kazi katika madaraja kwa kuangalia aina ya maamuzi yanayofanywa. Anayetekeleza hatua aliyokwisha kuelekezwa yuko chini. Anayeamua njia yuko juu yake. Anayeamua lengo yuko juu zaidi. Mbinu hii ina mantiki, lakini nina shaka nayo kidogo. Muuguzi anayekesha peke yake na wagonjwa hufanya maamuzi mazito ambayo karatasi ya maelezo ya kazi huyaita “kutekeleza maagizo”. Uhakiki wa matini ungefaa sana hapa: aliyeyaandika maelezo vibaya amekwisha kumpunguzia mtu mshahara.

Hatua ya pili ni kuliangalia soko. Nairobi haishindanii wahandisi na Kiambu, Machakos na Kajiado pekee, bali pia na serikali ya kitaifa, mashirika ya umma, kampuni za ujenzi na mashirika yasiyo ya kiserikali. Tuchukue mfano wa kubuni. Waajiri watano wanamlipa mhandisi wa daraja moja shilingi 90,000, 100,000, 120,000, 150,000 na 180,000 kwa mwezi. Wastani ni 128,000. Sasa yule wa mwisho apandishe hadi 400,000: wastani unaruka hadi 172,000, ingawa wengine wanne hawajabadilisha lolote. Ndiyo maana wapangaji hupendelea kiwango cha katikati, yaani kile ambacho nusu ya waajiri wako chini yake na nusu juu yake. Katika hali zote mbili hicho kinabaki 120,000.

Kaunti ikiamua kwenda sambamba na soko, itaifanya 120,000 kuwa kitovu cha daraja. Ikiweka mpaka wa chini asilimia 20 chini ya kitovu na wa juu asilimia 20 juu yake, daraja litaanzia 96,000 na kuishia 144,000. Daraja linalofuata, lenye kitovu cha 150,000, litaanzia 120,000 hadi 180,000. Madaraja hayo yanapishana baina ya 120,000 na 144,000, na hilo ni la makusudi: mhandisi mzoefu wa daraja la chini aweza kulipwa kuliko mgeni wa daraja la juu.

Kwa mfagiaji mambo ni tofauti. Soko lake limejaa vibarua, na kulifuata ni kumshusha. Hapo kinachomkinga ni kima cha chini cha kisheria pamoja na chama chake.

Ulinganisho wowote ule huharibika iwapo marupurupu yatasahauliwa. Marupurupu ya nyumba kwa watumishi wa umma walioko Nairobi ni ya juu kuliko ya sehemu nyingine za nchi, na juu yake huja ya usafiri na mengineyo. Watu wawili wenye mshahara wa msingi sawa waweza kupokea fedha zilizo mbalimbali kabisa. Zaidi ya hayo, pensheni kwa kawaida hukokotolewa kutokana na mshahara wa msingi. Anayeongezewa marupurupu leo hufurahi, kisha akistaafu anakuta furaha hiyo haikuhesabiwa.

Nairobi ina mzigo wake maalumu. Serikali ya kaunti ilipoanza mwaka wa 2013, chini ya paa moja walikutana wafanyakazi wa lililokuwa Baraza la Jiji, watumishi waliohamishwa kutoka wizara za kitaifa, wakiwemo wa afya, na waajiriwa wapya wa Bodi. Kila kundi lilikuja na historia yake ya malipo. Mshahara wa mtu haupunguzwi kirahisi. Kwa hivyo kusawazisha kwa kawaida ni kupandisha, na kupandisha hugharimu. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 nazo zinataka gharama ya mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Penye ukomo huo, kumwongeza daktari ni kumnyima mwingine, au kuacha nafasi wazi. Mgomo wa madaktari uliodumu siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, ulitokana na makubaliano ya 2013 yaliyotiwa saini pasipo kutekelezwa.

Limebaki suala la muda. Tume hupitia viwango kwa vipindi vya miaka minne, ilhali bei ya unga na nauli ya matatu hazingoji. Katikati ya kipindi, mfanyakazi hutegemea nyongeza ya kila mwaka ndani ya daraja lake. Aliyefikia mpaka wa juu hana nyongeza hiyo tena. Karani aliyeajiriwa na Baraza la Jiji akiwa kijana huenda amekwama hapo kwa miaka mingi, akifanya kazi vizuri, akisubiri nafasi ya daraja la juu ambayo haitangazwi.