Je, Wajua? Shule za Watoto wa Ugenini, kutoka Mazimbu hadi Geneva

Morogoro imezoea wageni. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) hupokea wahadhiri na watafiti wa kila taifa. Shirika la APOPO liliweka kambi hapa mwaka 2000, na ndilo linalowafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Misitu ya Uluguru nayo haiishi kuvuta wataalamu wa mimea na ndege. Wengi wa wageni hao huja na watoto. Nyumba ikishapatikana, iwe Mafiga, Forest au Kola, linabaki swali linalowanyima wazazi usingizi: watoto watasoma wapi? Haya hapa mambo machache ya kuwasaidia kulijibu.

Je, wajua kwamba shule za kimataifa zilianza kwa sababu ya ajira za wazazi?
Shule ya Kimataifa ya Geneva ilifunguliwa mwaka 1924 kwa ajili ya watoto wa watumishi wa Shirikisho la Mataifa na wa Shirika la Kazi Duniani. Wazazi wao walihamishwa mara kwa mara, na kila walikohamia mtaala ulikuwa mwingine na cheti kingine. Tatizo hilo ndilo lililozaa mpango wa International Baccalaureate, maarufu kama IB, uliozinduliwa mjini humohumo mwaka 1968 ili vyuo vikuu vya nchi mbalimbali vikubali cheti kimoja.

Je, wajua kwamba hospitali ya KCMC ilizaa shule?
International School Moshi ilianzishwa mwaka 1969, wakati hospitali hiyo kubwa ya Kilimanjaro ilipokuwa ikiandaliwa, ili watoto wa madaktari kutoka nje wapate pa kusoma. Mwaka 2019 iliingia katika mtandao wa shule za UWC, na sasa inaitwa UWC East Africa, ikiwa na kampasi Moshi na Arusha. Dar es Salaam ilikuwa imetangulia: International School of Tanganyika ilianza mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru.

Je, wajua kwamba watoto wa Kipolandi waliwahi kusoma kwa lugha yao chini ya Mlima Meru?
Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wapolandi waliokuwa wamepelekwa uhamishoni katika Umoja wa Kisovyeti waliondoka kupitia Iran, na kuanzia mwaka 1942 maelfu yao wakafikishwa Afrika Mashariki. Kambi ya Tengeru, karibu na Arusha, ilipokea takriban watu 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Shule zao zilifundisha kwa Kipolandi, kwa matumaini kwamba vita ikiisha watarudi kwao. Vita iliisha, lakini wengi hawakurudi. Waliishia Uingereza, Kanada na Australia. Shule ilikuwa imewaandaa kwa mlango mmoja, maisha yakawafungulia mwingine.

Je, wajua kwamba Mazimbu palikuwa na shule ya taifa lililokuwa mbali na kwao?
Ukitoka Mafiga, safari fupi ya bodaboda inakufikisha Mazimbu, ilipo leo Kampasi ya Solomon Mahlangu ya SUA. Baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto ya Juni 16, 1976, vijana wengi wa Afrika Kusini walikimbia nchi yao. Mwaka uliofuata serikali ya Tanzania ikakipa chama cha ANC eneo hilo, lililokuwa shamba la zamani la mkonge, na mwaka 1978 shule ikaanza. Ilipewa jina la Solomon Mahlangu, mpiganaji kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu Aprili 6, 1979, akiwa na umri wa miaka 22.

Palikuwa zaidi ya madarasa. Palikuwa na kituo cha watoto wadogo kilichopewa jina la Charlotte Maxeke, shule ya msingi, sekondari, hospitali, shamba na kiwanda cha samani. Walimu walitoka Afrika Kusini yenyewe na nchi kadhaa za Ulaya. Watoto wengine walizaliwa hapahapa Morogoro. Walimu walitaka kuwatoa vijana katika elimu duni ambayo makaburu waliwatengea Waafrika, kwa hiyo wakatunga somo lao kuhusu maendeleo ya jamii. Hata hivyo, kwa mitihani walichagua ile ya Chuo Kikuu cha London, iliyokuwa ikitambulika kote ambako mkimbizi angeweza kupata nafasi ya kusoma. Moyo wa mtoto ulielekezwa nyumbani, na cheti chake kikaelekezwa duniani.

Mwaka 1992 Mazimbu ilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania na wenyewe wakarejea makwao. Wenzao waliofariki uhamishoni bado wamelala katika makaburi ya Mazimbu, na kampasi sasa inafundisha pia walimu wa sayansi wa Tanzania.

Je, wajua kwamba Watanzania wote wa sekondari waliwahi kutegemea mitihani ya Cambridge?
Ilikuwa hivyo enzi za ukoloni na hata miaka ya mwanzo ya Uhuru. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967, Tanzania ikajitoa mwaka 1971, na mwaka 1973 likaanzishwa Baraza letu la Mitihani, NECTA. Shule nyingi za kimataifa nchini bado hutumia mitihani ya Cambridge, hasa IGCSE iliyoanza kufanyika mwaka 1988. Mwenye cheti hicho akitaka kuendelea na masomo katika mfumo wa Tanzania, hupeleka matokeo yake NECTA yakalinganishwe. Ni vyema mzazi akajua hilo mapema.

Je, wajua kwamba Year 7 na darasa la saba ni vitu tofauti kabisa?
Katika mfumo wa Uingereza, Year 7 ni mwaka wa kwanza wa sekondari, na mtoto huwa na miaka 11. Kwetu darasa la saba limekuwa ndiyo tamati ya shule ya msingi. Kalenda nazo hazilingani: shule zetu hufungua mwaka Januari, ilhali nyingi za kimataifa hufungua Agosti au Septemba. Mtoto anayehama katikati anaweza kurudia nusu mwaka au kuruka nusu mwaka. Uliza shule itampima vipi kabla ya kumpangia darasa, na uombe jibu kwa maandishi.

Je, wajua kwamba Kiswahili kina alama katika mitihani hiyo?
Cambridge hutahini Kiswahili katika IGCSE, na IB nayo inacho. Mtoto wa mgeni anayecheza na wenzake Mafiga jioni na kununua vitumbua kwa mama jirani tayari ana mwanzo mzuri. Shule isiyofundisha Kiswahili inamnyima somo ambalo mtaa mzima unamsaidia kulifaulu bila malipo.

Je, wajua kwamba watoto wa ugenini wana jina lao katika sosholojia?
Katika miaka ya 1950, Ruth Hill Useem na mumewe John waliwachunguza Wamarekani waliokuwa wakiishi India. Waliona kuwa watoto wa Wamarekani hao hawakufuata utamaduni wa wazazi peke yake wala wa wenyeji peke yake, wakawaita watoto wa utamaduni wa tatu. Watoto wa namna hii hupata marafiki wengi na huagana nao mapema. Kwa hiyo shule yenye walimu wanaodumu ina thamani zaidi kuliko yenye bwawa la kuogelea.

Mzazi, kabla ya kuuliza ada, jiulize mtoto wako ataenda wapi baada ya shule hii, na kama mipango ikibadilika, cheti chake kitapokelewa wapi kwingine. Kisha nenda shuleni siku ya masomo, kaa darasani na uongee na walimu. Tengeru na Mazimbu zimeshatufundisha kwamba shule nzuri kwa mtoto wa ugenini humwachia mtoto lugha yake, humpa ya wenyeji, na humfungulia zaidi ya mlango mmoja. Ukiipata yenye hayo matatu, mwandikishe.